Kuvuka Ruvuma na Mtoto wa Shule: Mwongozo wa Kuchagua Shule Familia Inapohama

Katika mkoa wa Mtwara na ukanda wa mdomo wa mto Ruvuma, ukoo mmoja huweza kuwa na makazi katika nchi mbili. Kimakonde husemwa Newala na Tandahimba, na husemwa pia Mueda na Nangade. Wavuvi, wakulima na wafanyabiashara huvuka mto kwa mitumbwi, kwa kivuko cha Kilambo, au kwa Daraja la Umoja la Mtambaswala lililozinduliwa mwaka 2010. Machafuko yaliyoanza Cabo Delgado mwezi Oktoba 2017, na hasa shambulio la Palma la Machi 2021, yaliongeza idadi ya familia zilizolazimika kuhama bila maandalizi. Zipo pia familia zinazorejea nyumbani kwa hiari baada ya kuishi miaka mingi Msumbiji, Oman au Uingereza.

Familia inapohama, vyombo hubebwa na nyumba nyingine hupangwa. Masomo ya mtoto hayahamishiki kwa wepesi huo. Ukinunua bidhaa yenye kasoro, unaweza kuirudisha dukani na kudai nyingine. Mwaka wa masomo uliopotea haurudishwi na mtu yeyote, na mara nyingi kasoro ya shule haionekani mpaka siku ambayo mtoto anatafuta jina lake katika orodha ya watahiniwa na kulikosa.

Kwa sababu hiyo, mwongozo huu unamshauri mzazi au mlezi aanze na swali moja: ni mtihani upi unaomngoja mtoto huyu, na je, shule hii inaweza kumfikisha kwenye mtihani huo kihalali na kwa lugha anayoielewa? Sare, jengo na gari la shule vitazamwe baada ya swali hilo kupata jibu.

Madarasa ya nchi mbili hayalingani

Nchini Msumbiji, kwa sheria ya mfumo wa elimu ya mwaka 2018, elimu ya msingi ina madarasa sita. Sekondari huanza darasa la saba na kuishia darasa la kumi na mbili. Nchini Tanzania, utaratibu uliozoeleka ni miaka saba ya shule ya msingi, minne ya sekondari ya kawaida na miwili ya sekondari ya juu.

Tofauti hiyo huzaa mgogoro wa kwanza kati ya mzazi na shule. Mtoto aliyemaliza darasa la sita Palma anahesabiwa kwao kuwa amehitimu elimu ya msingi. Anapofika Mtwara, mzazi hutarajia apokewe kidato cha kwanza, kumbe wenzake wa umri wake bado wana darasa la saba na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi mbele yao. Shule inayokubali kumpandisha moja kwa moja bila kuuliza chochote haimfanyii mzazi hisani. Inaahirisha swali ambalo litarudi baadaye likiwa gumu zaidi.

Jambo hili linahitaji uangalifu wa pekee katika miaka hii kwa sababu Tanzania nayo inabadili ngazi zake. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, inaelekeza elimu ya msingi iwe ya miaka sita, na elimu ya lazima iwe ya miaka kumi. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024. Kwa mpango wa utekelezaji wake, wanafunzi waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 watahitimu wakiwa darasa la sita mwaka 2027. Waliokuwa darasa la nne mwaka 2024 wanaendelea na utaratibu wa zamani, nao watahitimu darasa la saba mwaka huohuo wa 2027.

Maana yake kwa mzazi ni hii: mtoto atakayepangwa darasa la tano mwaka 2026 na yule atakayepangwa darasa la sita mwaka huo wanatarajiwa kumaliza pamoja, ila kwa mitaala tofauti. Mtoto mgeni ambaye Kiswahili chake cha darasani bado ni dhaifu huenda akafaidika kupangwa katika kundi la mtaala mpya, pasipo kuchelewa kuhitimu. Mwulize mwalimu mkuu waziwazi: mtoto wangu atakuwa kundi lipi, na atahitimu mwaka gani?

Kwa sekondari, kizingiti cha kukumbuka ni upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili. Mtahiniwa wa shule anayetaka kufanya mtihani wa kidato cha nne hutakiwa awe amefaulu upimaji huo, au awe na sifa inayolingana nao. Kijana anayeingia kidato cha tatu kutoka nje ya nchi bila uthibitisho wa sifa yake anaweza kusoma miaka miwili, akalipiwa ada yote, kisha akakwama mlangoni mwa mtihani. Ulinganifu wa vyeti vya sekondari vya nje hutolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA). Mzazi aombe ulinganifu huo kabla ya kulipa ada, na asikubali maneno ya mdomo kwamba jambo hilo litashughulikiwa baadaye.

Kwa wanaorejea kutoka Uingereza ipo tofauti nyingine, nayo ni ya kalenda. Mwaka wa masomo wa huko huanza Septemba. Wa Tanzania huanza Januari. Mtoto anayerejea Julai baada ya kufunga mwaka atakuta wenzake wa Mtwara wako katikati ya mwaka wao. Mzazi ana njia mbili: kumwingiza katika muhula wa pili wa darasa alilotoka, au kumpa miezi michache ya kujifunza Kiswahili na kumwanzisha Januari. Njia ya pili mara nyingi huonekana kama hasara, lakini kwa mtoto asiyejua kusoma Kiswahili huweza kuwa ndiyo njia ya mkato.

Lugha ya darasani

Mtoto wa Nangade au Mocímboa da Praia huweza kuongea Kiswahili cha sokoni na gatini bila shida. Jambo hilo humdanganya mzazi na hata mwalimu. Kuongea sokoni ni kitu kimoja. Kusoma swali la hesabu lililoandikwa mistari minne ni kitu kingine. Mtoto aliyefundishwa kwa Kireno amejifunza kuhesabu, kusoma na kufikiri masomo yake kwa lugha ambayo hataisikia tena darasani.

Shule nyingi za msingi za Serikali hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Zipo pia shule za msingi za mchepuo wa Kiingereza, ambazo nyingi ni za binafsi. Kwa mtoto wa miaka sita au saba, Kiswahili cha darasani huja haraka akiwa miongoni mwa wenzake. Kwa mtoto wa miaka kumi na miwili hali ni nzito zaidi: anajifunza Kiswahili leo ili afanye mtihani wa msingi, na baada ya muda mfupi anatakiwa kuhamia Kiingereza. Kumpeleka mtoto huyo shule ya Kiingereza kwa sababu tu mwenye shule amesema Kireno na Kiingereza ni lugha za Ulaya na zinafanana ni kosa. Hazifanani kiasi hicho.

Unapotembelea shule, omba mtoto apimwe kwa maandishi, kisha uombe kuionyeshwa karatasi yake. Uliza shule inamsaidiaje mwanafunzi mgeni wa lugha: kuna masomo ya ziada, yanafundishwa na nani, mara ngapi kwa wiki, na yanalipiwa kiasi gani? Shule yenye mpango wa kweli itajibu kwa siku na saa. Shule isiyo na mpango itakuambia kwamba watoto huzoea.

Nyaraka za kukusanya kabla ya kuondoka

Karatasi ambayo ni rahisi kuipata ukiwa bado unaishi mahali huwa ngumu sana kuipata ukishavuka mto. Kabla ya kuhama, jitahidi kuwa na hizi:

– Cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Kwa waliozaliwa Tanzania Bara, cheti hutolewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA).
– Ripoti za maendeleo za angalau miaka miwili ya mwisho, zenye muhuri wa shule.
– Barua ya shule anayotoka, ikitaja darasa alilofikia na tarehe ya kuondoka.
– Cheti au matokeo ya mtihani wowote wa kitaifa aliofanya.
– Tafsiri iliyothibitishwa ya nyaraka zilizoandikwa kwa Kireno au lugha nyingine ngeni.
– Kwa mtoto asiye raia, hati ya ukaazi. Maelezo yake hutolewa na Idara ya Uhamiaji.

Mtoto anayehama kutoka shule moja ya Tanzania kwenda nyingine huhitaji kitu kingine zaidi: namba yake ya PReM, yaani namba ya kumbukumbu za mwanafunzi katika mfumo wa NECTA. Uhamisho ukamilishwe katika mfumo huo na shule zote mbili. Mtoto anayekaa darasani Mikindani huku kumbukumbu zake zikisoma kuwa yuko Masasi atasajiliwa mtihani Masasi.

Familia iliyokimbia vita bila karatasi yoyote isikate tamaa, wala isinunue karatasi za kughushi. Iende kwa Afisa Elimu Kata, na kutoka hapo kwa Afisa Elimu wa Halmashauri, ili mtoto apimwe na kupangwa. Mtoto aliyekosa miaka mingi ya shule ana njia yake pia, ukiwemo Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa (MEMKWA).

Je, shule imesajiliwa?

Sheria ya Elimu, Sura ya 353, inataka kila shule isajiliwe. Kibao barabarani, sare nadhifu na mwalimu mkuu mwenye maneno mazuri si usajili. Omba kuona cheti cha usajili na uandike namba yake. Kwa kawaida namba ya shule ya msingi hutanguliwa na herufi EM, na ya sekondari hutanguliwa na herufi S. Kisha ithibitishe namba hiyo kwa Afisa Elimu wa Halmashauri au ofisi ya Uthibiti Ubora wa Shule ya wilaya.

Uliza swali la pili ambalo wazazi wengi hulisahau: shule imesajiliwa kwa ngazi gani? Shule inaweza kuwa na usajili wa elimu ya awali na msingi, ikaanza kupokea kidato cha kwanza huku ikisubiri kibali. Uliza pia kama ina namba yake ya kituo cha mtihani. Isipokuwa nayo, wanafunzi wake watafanya mtihani katika shule nyingine, na mzazi ana haki ya kuijua shule hiyo na makubaliano yaliyopo kabla ya kulipa.

Namna ya kusoma matokeo

Mabango ya shule hupenda kutangaza nafasi za kitaifa. Mzazi afahamu kwamba tangu Januari 2023, ilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, NECTA iliacha kutaja shule kumi bora. Hivyo bango linalodai nafasi ya kitaifa ya mwaka wa karibuni liulizwe: nafasi hiyo imetolewa na nani?

Matokeo yenyewe yamo katika tovuti ya NECTA, na mtu yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza kuyafungua bila malipo. Usitazame daraja la kwanza peke yake. Tazama mambo matatu.

Kwanza, idadi ya watahiniwa. Shule yenye watahiniwa kumi na wanane na shule yenye watahiniwa mia mbili hazilinganishwi kwa asilimia pekee.

Pili, miaka mitatu mfululizo. Mwaka mmoja mzuri huweza kuwa bahati ya kundi moja la wanafunzi.

Tatu, wangapi walifika mwisho. Chukua idadi ya waliofanya upimaji wa kidato cha pili, kisha uilinganishe na idadi ya waliofanya kidato cha nne miaka miwili baadaye katika shule ileile. Tuseme walikuwa sitini kidato cha pili na wakabaki arobaini na mmoja kidato cha nne. Kumi na tisa walikwenda wapi? Huenda walihama kwa sababu za kifamilia. Huenda pia waliondolewa ili wasiharibu wastani wa shule. Mtoto mgeni, anayeanza na lugha dhaifu, ndiye aliye katika hatari ya kuwa miongoni mwa hao kumi na tisa. Kwa familia inayohama, hesabu hii ina uzito kuliko bango lolote.

Ada, michango na maandishi

Katika shule za Serikali, elimu ya awali hadi kidato cha nne imekuwa bila ada tangu Januari 2016, kwa mujibu wa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, na kidato cha tano na sita vilifuata mwaka 2022. Mzazi bado ananunua sare, madaftari na mahitaji binafsi ya mtoto. Akiombwa mchango, aulize umeidhinishwa na nani, apewe stakabadhi, na ajue kwamba kutokuwa na mchango si sababu ya kumnyima mtoto nafasi.

Katika shule binafsi, ada ni bei ya huduma, na maelekezo ya kujiunga ndiyo mkataba wako. Yasome kabla ya kulipa. Tafuta ndani yake jumla ya gharama za mwaka mzima: ada, chakula, usafiri, bweni, mitihani ya majaribio, sare, masomo ya ziada na amana. Shule yenye ada ndogo huweza kuwa ghali kuliko jirani yake pale nyongeza zote zinapojumlishwa.

Mkoani kwetu fedha nyingi za kaya huja na minada ya korosho mwishoni mwa mwaka, na Januari shule huwa zinadai. Mzazi hushawishika kulipa mwaka mzima kwa mkupuo mmoja wakati fedha ziko mkononi, hasa akiahidiwa punguzo. Kwa mtoto aliyehamia karibuni, ni salama zaidi kulipa kwa muhula na kuiweka akiba iliyobaki benki. Familia iliyohama mara moja huweza kuhama tena, na mtoto huweza kushindwa kuzoea. Uliza na upate jibu kwa maandishi: mtoto akiondoka katikati ya muhula, kiasi gani hurudishwa? Lipa kupitia akaunti ya benki ya shule au namba rasmi ya malipo, wala si kwa simu ya mtu binafsi, na utunze kila stakabadhi.

Bweni

Mzazi anayefanya biashara pande zote mbili za mto huona bweni kuwa suluhisho: mtoto abaki mahali pamoja, wazazi waende na kurudi. Fahamu kwamba Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2023 ulisitisha huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne. Mtoto wa miaka minane hapaswi kulala shuleni, hata kama mwenye shule anasema ana matroni mwema. Kwa umri huo, njia inayobaki ni shule ya kutwa, mtoto akiishi na mzazi mmoja, bibi, au ndugu mwingine wa kuaminika. Mlezi huyo apewe barua ya kumtambulisha shuleni, nakala za nyaraka za mtoto, na fedha za mahitaji yake, ili asiwe mgeni katika kila kikao cha wazazi.

Ukielekea kusini

Familia inayotoka Mtwara kwenda Msumbiji hukutana na mambo yaleyale kwa upande wa pili. Mtoto ataingia katika masomo ya Kireno, na kidato cha kwanza cha Tanzania hakina jina hilo huko. Beba ripoti, cheti na tafsiri za Kireno zilizothibitishwa. Pima pia kama mtoto yuko karibu na mtihani. Mtoto aliyebakiza miezi michache kufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, au wa kidato cha nne, mara nyingi atanufaika zaidi akibaki kwa ndugu mpaka amalize na kupata cheti. Cheti hicho kitamfuata popote atakapokwenda. Nusu mwaka wa masomo haitamfuata.

Likitokea tatizo

Anza na mwalimu mkuu au mkuu wa shule, kwa barua yenye tarehe, na ubaki na nakala. Usiporidhika, nenda kwa Afisa Elimu wa Halmashauri. Kwa mambo ya usajili na ubora wa ufundishaji, nenda pia ofisi ya Uthibiti Ubora wa Shule. Ikiwa shule ilikupotosha kuhusu usajili, matokeo au gharama ili ulipe, kumbuka kwamba Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani. Ushahidi wako ni bango ulilopiga picha, maelekezo ya kujiunga na stakabadhi za malipo.

Maswali saba ya kwenda nayo shuleni

1. Namba ya usajili wa shule ni ipi, na ni ya ngazi gani?
2. Mtoto wangu atapangwa darasa gani, kwa mtaala upi, na atahitimu mwaka gani?
3. Mtihani wake wa kitaifa unaofuata ni upi, na atausajiliwa katika kituo gani?
4. Ni nyaraka gani zinazopungua, na nani anazishughulikia?
5. Atasaidiwaje katika lugha, siku gani na kwa gharama gani?
6. Jumla ya gharama za mwaka ni kiasi gani, na nini hurudishwa akiondoka?
7. Kati ya waliofanya kidato cha pili, au waliofika darasa la tano, wangapi walihitimu hapa?

Kuuliza si ujinga. Shule njema haichukizwi na maswali haya, kwa kuwa ina majibu yake. Ile inayochukizwa nayo imekwisha kukupa jibu, tena kabla hujalipa shilingi hata moja.